Uso wa Kuazima: Mama Meshack Anachagua

Tulipoachana sehemu iliyopita, mkono wa Othmar ulikuwa kwenye kola ya Meshack. Bado upo pale pale.

"Jina nimelisikia," alisema Othmar, mgambo aliyewekwa kulinda lango la tamasha pale Mbinga mjini. "Sura ndiyo siioni."

Juu ya lango ilining'inia picha ya Meshack, ndefu kama mlango. Meshack wa kwenye picha alikuwa mweupe wa kung'aa, pua imenyooka, taya limechongoka, meno yamejipanga kama punje za hindi. Meshack wa chini ya picha alikuwa mfupi, mweusi, pua imelala, na kati ya meno ya juu alikuwa na mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti.

Wote wawili waliitwa Meshack Kinunda, mwana wa Liuli kule ziwani, mwimbaji wa ule wimbo ambao tangu redio za watu binafsi ziruhusiwe ulipigwa mpaka kuku wakaukariri. Tatizo ni kwamba Meshack aliondoka kwao akiwa mtoto wa kaptula, akalelewa Dar es Salaam kwa mjomba wake, na hakurudi mpaka leo. Sauti yake kila mtu aliijua. Uso wake waliujua kwa picha.

Meshack alitoa tiketi ya basi iliyoandikwa jina lake. Othmar aliisoma, akairudisha. Alisema kwenye basi hata yeye anaweza kuandikishwa kuwa ni askofu, na asiulizwe.

"Tazama masikio basi," Meshack alisema. "Masikio ni yangu."

Othmar aliinua macho kwenye picha, akayashusha. Alikuwa mtu wa haki. Akakubali kwamba masikio yanakaribiana.

"Lakini, mdogo wangu, watu hawakulipa kiingilio waje kutazama masikio."

Masikio kweli yalikuwa ya Meshack. Yaliyobaki yote ni ya kuazima, na aliyeyaazima ni Hafidha.

Hafidha, binti wa mzee Abdulmajid muuza vitenge, ana kompyuta nyuma ya pazia kwenye duka la baba yake. Kabla yake, Mbinga ilikuwa na mpiga picha mmoja na koti moja la bluu, limepasuliwa mgongoni ili limwenee kila mtu, na koti hilo lilioa mabinti wengi kuliko mwanamume yeyote wa wilaya hii. Alipokuja Hafidha, koti likastaafu. Sasa mtu aliingia na uso wake na kutoka na uso anaoutaka.

Msimu wa kahawa ukifika, foleni ilifika barabarani. Diwani aliomba shingo. Mjane mmoja aliomba awekwe pembeni ya marehemu mumewe, na marehemu apunguzwe tumbo. Katekista alitaka aongezewe unyenyekevu, lakini mikunjo ya uso iondolewe. Hafidha aliwafanyia wote, kwa sababu kukataa ni kumfundisha mteja njia ya kwenda kwa mwingine.

Picha alizozipenda mwenyewe zilikuwa nyingine. Alimchukua bibi mchuma kahawa, na matope yake na jino lake moja, akamweka kama wanavyowekwa mastaa kwenye jalada la gazeti la rangi, taa nyuma, maandishi makubwa juu. Hakuondoa hata kovu. Akazitundika dukani. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao.

"Huyu tunamwona kila siku bure," walimwambia.

Basi mwaka jana Nazari, mwandaaji wa tamasha hili, alipoanza kumtangaza Meshack na kumletea Hafidha picha ya Meshack, ilikuwa picha ya shule: watoto wamepangwa mistari, uso wa Meshack ni mdogo kama ukucha. Hafidha akaukuza. Ukageuka vigae, haijulikani jicho wala pua. Nazari akasema mabango yanahitajika kesho yake. Hafidha akafungua ghala lake la nyuso, maana kila aliyewahi kupiga picha ya pasipoti kwake alikuwa bado mle ndani. Akachukua pua na taya la Tarsisi, karani wa mizani kwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Meno akayatoa kwenye boksi la dawa ya meno. Ngozi akaing'arisha, kwa sababu Nazari alisema staa hafai kufanana na watu anaowaimbia.

Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Hilo ndilo lililomuuma Hafidha sasa, alipofika langoni anahema, baada ya kusikia kwamba kuna mtu amekamatwa kwa kosa la kujiita Meshack.

"Othmar, mwachie kaka wa watu," alisema. "Ni yeye."

"Dada Hafidha, picha umetengeneza wewe, sasa unaikana?"

Kabla hajajibu, kelele zilipanda kwenye foleni ya tiketi.

Tarsisi alikuwa amefika. Alikuja kama mtu mwingine yeyote, ameoga, amevaa shati la kanisani, amesimama kwenye foleni na hela yake mkononi. Mwanamke wa mbele yake aligeuka kumwuliza saa, akamwona pua, akamwona taya, akatazama juu kwenye bango, akaanguka chini.

Watu wakamzingira. Tarsisi alikana. Alisema yeye ni mtu wa Mkumbi kule milimani, anapima kahawa. Wakacheka, wakasema mastaa wote husema hivyo wakitaka kupita kwa amani. Akakana tena, kwa sauti ya chini kidogo. Walipombeba mabegani na kuanza kuliimba jina, hakukana tena. Alipunga mkono.

Nazari alitoka ndani mbio. Alimtazama aliye mabegani. Akamtazama aliye kwenye kola. Meshack alimwita kwa jina, akamkumbusha kwamba wamezungumza kwenye simu wiki iliyopita.

"Nakujua kwa sauti," Nazari alisema, tena kwa upole. "Na sauti ninayo kwenye CD. Subiri hapa nje."

Akaondoka na Tarsisi.

Hafidha alitaka kumfuata. Meshack akamzuia. Alisema tamasha alishalifuta moyoni, hata pesa zake Nazari akae nazo. Kilichomleta ni kimoja tu.

"Mama yangu yumo humo ndani. Amekuja na lori kutoka Liuli kuniona. Dada, ukiweza kitu chochote, nifikishe kwa mama yangu kabla hajamshika mkono yule mtu."

Mama yake alikuwa mstari wa mbele kabisa. Jina lake ni Gertruda, lakini Liuli hakuna anayelitumia. Tangu amzae mtoto wake wa pekee ameitwa Mama Meshack, na mtoto alipoondoka jina lilibaki.

Alikuja na kikundi chake cha kioda, ngoma ya wanawake, akina mama wa ziwani, wote wamevaa fulana zenye ile picha kifuani. Mapajani alikuwa na furushi la kitenge. Ndani yake kulikuwa na mbasa, samaki wa ziwa, aliowachagua mwenyewe ufukweni, akawakausha kwa moshi taratibu. Meshack mdogo alikuwa hali mboga nyingine wakiwepo mbasa.

Pembeni yake, kwa bahati mbaya, alikaa Hilda.

Hilda ni mwanamke ambaye kila kijiji kinaye mmoja na kinamtosha. Picha ya Meshack ilipofika Liuli mwaka uliopita, akina mama walikusanyika kuishangaa. Hilda aliitazama kwa muda, kisha akasema mbele ya watu wote, "Mtoto wako alikuwa na mwanya. Ameuzika wapi?"

Mama Meshack alijibu kwamba mjini watu wanaota meno mazuri kwa sababu ya chakula. Akamtoa Hilda mstari wa mbele wa kioda, akampeleka nyuma. Akaitundika picha sebuleni, chini kidogo ya msalaba, na kila asubuhi aliiombea. Kanisani alitoa shukrani kwa ajili ya uso ule. Wachumba wa uso ule alishaanza kuwakataa.

Ndani, CD ikaanza. Tarsisi alipanda jukwaani na maiki. Miaka ile mastaa hawakuimba jukwaani. Walifungua mdomo na kuufunga, CD ikafanya kazi. Kwa hiyo Tarsisi hakufanya kosa lolote. Wimbo aliujua kama watu wote walivyoujua. Alifungua mdomo, akaufunga, akatingisha bega. Mbinga ikapagawa.

Mama Meshack alilia machozi ya furaha, akayafuta kwa fulana, yaani kwa pua ya Tarsisi.

Katikati ya ubeti wa pili, jenereta likazimika.

Kimya kilianguka. Midomo ya Tarsisi iliendelea kidogo kabla habari haijamfikia. Watu wakaanza kutazamana, na Nazari alionekana nyuma ya jukwaa akilipiga jenereta teke.

Nje ya turubai, kola ikiwa bado mkononi mwa Othmar, Meshack aliudaka ubeti pale pale ulipokatikia.

Aliimba kwa kifua. Sauti ilipanda, ikavuka turubai, ikashuka juu ya vichwa vya watu. Meshack aliamini kwamba sasa mambo yamekwisha, kila mtu atajua sauti inatoka wapi.

Kumbe Tarsisi si mtu wa kupima kahawa bure; alijua kusoma mshale wa mizani unapoegemea. Aliirudisha maiki iliyokufa mdomoni, akafumba macho, akaufuata wimbo kwa midomo.

"Huyu jamaa hahitaji hata umeme," alisema mzee mmoja, na watu wakampigia Tarsisi makofi kuliko mwanzo.

Watu wawili hawakupiga makofi. Wa kwanza ni Othmar. Alikuwa sentimita chache kutoka kwenye mdomo ule, na bango haliwezi kumbishia mtu sauti ambayo mate yake yanamrukia usoni. Aliachia kola. Akainyoosha kwa kiganja.

"Pita, mdogo wangu," alisema.

Wa pili ni Mama Meshack. Kwenye CD, mafundi wa studio huko Dar es Salaam walikuwa wameisafisha sauti kama Hafidha alivyousafisha uso. Lakini sasa hakukuwa na fundi. Kila wimbo ulipofika kwenye "sitasahau", hewa ilipita kwenye mwanya ikapiga mluzi mdogo. Mluzi ule Mama Meshack aliusikia nyumbani kwake kila siku, mtoto akihesabu vitumbua, mtoto akisali, mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kuogelea.

Alisimama na furushi lake. Akaacha kutazama jukwaa.

Meshack aliingia kupitia langoni, Hafidha nyuma yake. Watu hawakuwajali, walikuwa wanamtazama Tarsisi. Mama na mwana wakakutana kwenye uwazi kati ya mabenchi.

"Shikamoo, mama."

Mama Meshack hakuitikia. Mkono wake ulipanda polepole mpaka karibu na mdomo wa yule kijana, kidole kimoja mbele, kama mtu anayetaka kugusa sufuria ajue kama ni ya moto.

Hapo jenereta likaunguruma.

Nazari hakupenda alichokiona. Alinyakua maiki, akatangaza kwamba mapenzi ya mashabiki yamezidi, kuna kijana maskini ameingia anajifanya yeye ndiye Meshack, lakini watu wasimpige, ni ugonjwa wa mjini. Watu wakacheka. Wengine wakamsogelea Meshack, na hawakuwa wanacheka.

Hafidha alipanda jukwaani. Baba yake, mzee Abdulmajid, alikuwa amekaa kwa wageni waalikwa. Alifunika uso kwa kofia. Hafidha alichukua maiki kwa nguvu, akasema kila kitu bila kupamba: picha ya shule, vigae, pua ya Tarsisi, boksi la dawa ya meno. Alisema aliyesimama kule chini ndiye Meshack, na uso wa kwenye bango hauna mwenyewe.

"Uso ule niliutengeneza mimi," alimaliza.

Watu walimsikiliza vizuri. Kisha Nazari akairudisha maiki kwake.

"Ndugu zangu, fundi amesema mwenyewe. Ametengeneza picha ya Meshack. Sasa tazameni picha, na mtazameni huyu hapa. Kuna tofauti?"

Hakukuwa na tofauti. Uwanja mzima ukasema hakuna tofauti. Diwani, ambaye shingo yake ilikuwa ya mkono ule ule wa Hafidha, alisema kwa sauti kuliko wote. Wengi walikuwa na picha zao za Hafidha ukutani nyumbani, na wengine walishaposa kwa picha hizo. Hakuna aliyetaka mazungumzo haya yaendelee.

"Tumalize," Nazari alisema. "Mama mzazi yupo. Mama hadanganywi. Mama Meshack, waonyeshe watu mwanao."

Vichwa vyote vikageuka.

Mama Meshack alimtazama kijana mfupi aliyesimama mbele yake. Hakuwa na shaka. Mwenye shaka hapo alikuwa labda wewe msomaji, yeye alimzaa.

Lakini nyuma yake walisimama wanawake wote wa kioda, kifua baada ya kifua, na kila kifua kina uso ule mweupe. Alikuwa amewavalisha yeye. Na karibu na bega lake, akipumua taratibu kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua litafika, alisimama Hilda. Kumtaja kijana huyu ni kumwambia Hilda, mbele ya Mbinga nzima, kwamba mwaka mzima ameiombea pua ya mtu wa Mkumbi.

"Mama," Meshack alisema. "Ni mimi."

Mama Meshack aliinua mkono, akanyoosha kidole jukwaani.

"Mwanangu ni yule."

Uwanja ulilipuka. Meshack alifunga mdomo, na mwanya ukapotea.

Tarsisi alishuka jukwaani mwenyewe. Sijui kilichomwingia. Mama yake mzazi alikufa zamani, na tangu asubuhi ile hakuna mtu aliyekuwa amemwita karani. Alipiga goti mbele ya mwanamke asiyemjua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mama Meshack.

Meshack alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo. Alisikia kila herufi.

Tarsisi, kwa kuwa watu walikuwa wanalia na maiki ilikuwa karibu, alitangaza kwamba leo hii hii anapanda lori na mama yake kwenda kuiona Liuli aliyoikosa miaka mingi. Mama Meshack alishtuka. Hilo hakulihesabu. Kumchagua mtu jukwaani ni jambo moja. Kumlaza nyumbani ni jingine.

Ndipo Hilda alipojitokeza mbele. Wanawake wa kioda walirudi nyuma wenyewe kumpisha. Walijua atasema nini, atasema niliwaambia. Hakusema hivyo.

Alimshika Meshack kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Fungua mdomo."

Meshack alifungua. Hilda aliutazama mwanya kama mtu anayetazama hela yake iliyopotea siku nyingi.

"Huyu ana mama?" aliuliza watu. Watu wakatazama chini. "Haya. Mimi niliolewa, nikasubiri, Mungu hakunipa. Leo kanipa, tena mkubwa, ameshaota na meno. Nampokea. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Meshack."

"Ndivyo hivyo hivyo utaitwa. Kuanzia leo na mimi niiteni Mama Meshack."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwenyewe Mama Meshack hakucheka. Jina lilikuwa limevuliwa mwilini mwake mchana, mbele ya watu, na hakuwa na neno la kulirudisha ila lile moja alilokuwa ametoka kulikana.

"Shikamoo, mama," Meshack alimwambia Hilda. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, na herufi ya kwanza ilipiga mluzi.

"Marahaba, baba. Twende, lori ni moja. Tutakaa nyuma, mgongo wa ndugu yako ni mpana, utatukinga upepo."

Tarsisi alitaka kufanya jambo la mwana mwema. Aliona furushi la kitenge, akanyoosha mkono ampokee mama mzigo. Harufu ya moshi na samaki ikamfikia. Akaurudisha mkono, akaomba msamaha kwa adabu sana. Alisema samaki humletea vipele, kwao huko juu hawakuzoea.

Gertruda akabaki na furushi mikononi.

Hilda, akiwa amemshika Meshack mkono, alisimama. Aligeuka taratibu. Hakupandisha sauti hata kidogo, lakini nilivyosimuliwa, hata Nazari aliyekuwa mbali alimsikia.

"Shoga yangu," alisema, "na hao mbasa, ulimletea nani?"